Jinsi ya kuanzisha kikundi cha michezo ya simulizi mezani na kukifanya kidumu

Mchezo wa simulizi unahitaji watu wachache walioketi pamoja, karatasi, penseli, dadu, na muda wa saa tatu ambao hakuna atakayewaita. Kila mchezaji anambeba mhusika mmoja na kuamua anasema nini na anafanya nini. Mtu mmoja, nitamwita msimulizi, anaubeba ulimwengu uliobaki: walinzi, majirani, mvua, mlango uliofungwa. Likitokea jambo lisilo na uhakika, dadu huamua. Vitabu vinene, ramani za rangi na visanamu vya askari ni vizuri, lakini mnaweza kucheza mwaka mzima bila hivyo vyote.

Michezo hii ilipata umbo lake la sasa mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Wote wawili walitokea kwenye michezo ya vita ya mezani, ile ya kusogeza vikosi vya visanamu, na walichobadilisha ni kumpa kila mchezaji mtu mmoja badala ya jeshi. Kila kilichofuata kimetoka hapo.

Nimeona vikundi vikizaliwa na kufa, na naamini kinachoamua ni jambo moja: je, kila aliyeketi mezani ameamua kitu kilichobadilisha hadithi kabla hajaondoka? Aliyeamua atarudi. Aliyekaa muda wote akiwasikiliza wenzake atapata udhuru wiki ijayo, hata kama hadithi ilikuwa tamu. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa kulifuata swali hilo.

Hatua ya 1: Tafuta watu wachache

Wachezaji watatu au wanne, na msimulizi mmoja juu yao, wanatosha. Piga hesabu uone. Kikao cha saa tatu kina dakika 180. Ondoa dakika 30 za kusalimiana, kujipanga na kupumzika, zinabaki 150. Msimulizi atatumia karibu nusu yake, kwa kuwa yeye ndiye kila mtu mwingine katika hadithi. Wachezaji wanagawana dakika 75. Wakiwa watatu, kila mmoja ana dakika 25. Wakiwa saba, hazifiki 11. Ukiona meza ya watu wengi imejaa watu wanaochezea simu, usiwalaumu haraka. Mara nyingi hawana zamu.

Unapowachagua, usihangaike kumpata aliyewahi kucheza. Mtafute anayesikiliza. Mtu anayekumbuka ulichomsimulia wiki iliyopita na kukuuliza kiliishia wapi atacheza vizuri hata kama hajawahi kushika dadu yenye pande 20. Anayewakatiza wenzake kwenye mazungumzo ya kawaida atawakatiza na mezani.

Ukiwaalika, waeleze ni hadithi ya namna gani, itachukua muda gani, na uwahakikishie kwamba hawana cha kusoma kabla ya kuja. Hilo la mwisho ndilo linalowaondolea wengi hofu.

Hatua ya 2: Chagua mchezo unaokwisha

Watu wengi huanza na ndoto ya kampeni ndefu, hadithi ya mwaka mzima yenye falme na vizazi. Kikao cha tatu kikiahirishwa, ndoto inaishia hapo, na kila mtu anabaki na ladha ya kitu kilichoshindikana. Anzeni na hadithi inayokwisha kwa kikao kimoja, au vitatu vikizidi. Kikundi kilichomaliza hadithi moja pamoja kina hamu ya nyingine.

Kuna njia tatu pana. Ya kwanza ni michezo yenye msimulizi na kanuni nyingi, ambayo Dungeons & Dragons ndiyo maarufu zaidi. Hapa mnatumia seti ya dadu za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20. Inawafaa wanaopenda mapambano, hesabu, na mhusika anayekua kwa nguvu kikao hadi kikao. Gharama isiwatishe: mwezi Januari 2023 mchapishaji wake, Wizards of the Coast, aliziachia kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo mnaweza kuzipakua bure na kihalali.

Ya pili ni michezo yenye msimulizi na kanuni nyepesi. Apocalypse World ya Vincent na Meguey Baker, iliyotoka mwaka 2010, ilianzisha ukoo mkubwa wa michezo inayotumia dadu mbili tu za kawaida. Ipo pia michezo ambayo kanuni zake zote zimeandikwa kwenye ukurasa mmoja; Lasers & Feelings ya John Harper ni mmojawapo, na hutolewa bure. Kwa kikundi cha watu wasiowahi kucheza kabisa, mimi ningeanzia hapa bila kusita. Kanuni zinaelezwa kwa dakika kumi, na muda uliobaki ni wa hadithi.

Ya tatu ni michezo isiyo na msimulizi. Fiasco ya Jason Morningstar (2009) huchezwa na watu watatu hadi watano, nao husimulia pamoja habari za watu wenye tamaa kubwa na busara ndogo, ikaisha usiku uleule. The Quiet Year ya Avery Alder hutumia karata 52: kila karata ni wiki moja katika maisha ya jamii iliyonusurika, kila aina, yaani kopa, uru, pau na shupaza, ni msimu mmoja, na wachezaji huchora ramani ya jamii hiyo kadiri karata zinavyofunuliwa. Njia hii ni ya kundi ambalo hakuna anayetaka kubeba usimulizi peke yake.

Hatua ya 3: Funga tarehe

Msiachane kwa kusema "tutaonana tukipata nafasi." Nafasi haipatikani. Chagueni siku moja isiyobadilika, kwa mfano kila Jumamosi ya pili ya mwezi, na mkubaliane mapema mtacheza wakiwepo wangapi. Kanuni ninayoipenda ni hii: wakifika wachezaji wawili na msimulizi, mchezo upo. Asiyekuwepo, mhusika wake amebaki nyuma akiugua au akilinda mizigo, na hapati hasara yoyote. Kikao kinachoahirishwa kwa sababu mtu mmoja hayupo kinawafundisha wengine wote kwamba kuahirisha ni jambo jepesi.

Hatua ya 4: Kaeni kikao cha makubaliano

Kabla ya kucheza, zungumzeni kwa nusu saa au zaidi. Kwenye kampeni ndefu kikao kizima kitumike kwa hili. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ugomvi mwingi wa mezani una mzizi wake hapa.

Swali la kwanza ni ladha ya hadithi. Mmoja amekuja kucheka, mwingine amekuja kuogopa, wa tatu anataka kupigana na majoka. Wote wana haki, lakini hawawezi kuridhika wakiwa kwenye hadithi moja ambayo haijaamuliwa. Semeni kwa maneno ya wazi: hadithi ya kutisha, ya uchekeshaji, ya upelelezi, ya safari. Ulizeni pia kama wahusika wanaweza kufa, na kama mchezaji anaruhusiwa kumsaliti mwenzake. Mambo haya mawili yakijulikana katikati ya mchezo, yanaumiza.

Swali la pili ni mipaka. Kila mtu ana mambo asiyotaka kuyakuta kwenye burudani yake: ukatili kwa watoto, ubakaji, msiba unaofanana na wake. Yagaweni mafungu mawili. Lipo fungu la yasiyoingia kabisa kwenye hadithi, na lipo la yanayoweza kutokea lakini yanapitishwa nyuma ya pazia, yaani tunajua yametokea na tunasonga mbele bila kuyaeleza. Msimulizi aanze kutaja ya kwake, ili wengine wasione haya. Anayeona vigumu kuyasema mbele ya wenzake amwandikie msimulizi faragha, naye ayatangaze bila kutaja jina.

Isitoshe, wekeni katikati ya meza kadi yenye herufi X. Njia hii ilibuniwa na John Stavropoulos na imeenea kwenye meza nyingi duniani. Mtu akiigusa, kilichosemwa sasa hivi kinafutwa, na hakuna anayemuuliza kwa nini. Wapo wanaohofia kwamba kadi hiyo itaua hadithi. Mimi naona kinyume chake: watu wanaojua kuna njia ya kutoka huingia ndani zaidi.

Hatua ya 5: Tengenezeni wahusika pamoja

Mchezaji akimtunga mhusika wake peke yake, mara nyingi huja na mpweke asiyemwamini mtu, anayekaa pembeni ya chumba akinoa kisu. Wakija wanne wa namna hiyo, hakuna sababu ya kusafiri pamoja. Basi mtungeni kila mhusika mezani, kwa sauti, huku wengine wakisikia.

Kila mhusika awe na kitu anachokitaka sasa hivi, kinachoweza kusemwa kwa sentensi moja. "Anataka haki" ni kubwa mno. "Anataka kuirudisha barua aliyoiiba kabla mwenyewe hajagundua" inafaa, maana msimulizi anajua papo hapo wapi pa kuanzia. Kisha kila mchezaji amuulize aliye kulia kwake swali moja: Mhusika wako aliwahi kumwokoa wangu, ilikuwaje? Wangu anajua siri gani ya wako? Wakishajibu mmezunguka meza nzima, na mna kundi lenye historia kabla dadu haijarushwa.

Hatua ya 6: Msimulizi aandae hali, asiandike hadithi

Msimulizi mgeni huandika mfululizo wa matukio: watafika mjini, watakutana na mzee, watakwenda pangoni. Wachezaji wakifika mjini wanaamua kupanda jahazi na kuondoka, na maandalizi yote yanakuwa kazi bure. Mbaya zaidi, msimulizi huanza kuwarudisha kwa nguvu, na hapo uamuzi umewatoka mikononi.

Andaa hali badala yake. Karatasi moja inatosha. Andika watu watatu au wanne wa hadithi, na mbele ya kila mmoja anataka nini na yuko tayari kufanya nini ili akipate. Andika mahali patatu, kila pamoja na jambo la kuonekana, la kusikika au la kunusika. Halafu andika nini kitatokea wachezaji wasipoingilia: usiku wa kwanza mfanyabiashara anatoweka, wa pili ghala linaungua, wa tatu askari wanafunga malango. Ukiwa na hayo, wachezaji waende popote. Wewe unajiuliza tu, watu hawa wangefanya nini sasa?

Kama ni hadithi ya upelelezi, kila siri ambayo lazima igunduliwe iwekee njia tatu za kuifikia. Wachezaji wataipita ya kwanza bila kuiona, wataielewa vibaya ya pili, na ya tatu itawafikisha.

Andaa pia orodha ya majina kama kumi. Mchezaji atamuuliza jina lake mchuuzi uliyemtaja kupita tu, na msimulizi aliyegwaya kwenye jina anaivunja ndoto ya meza nzima.

Hatua ya 7: Chezeni

Anza katikati ya jambo. Usianze na wahusika wamelala, wanaamka, wanatafuta kazi. Waweke mbele ya uamuzi katika dakika tano za kwanza. Tazama mfano huu. Wahusika ni wawili, Mwanaidi, fundi wa kufuli, na Sefu, aliyekuwa askari akatoroka jeshini. Wamebeba barua ya siri, na ni usiku.

Msimulizi: "Mmefika mwanzo wa daraja. Mlinzi ni mmoja tu. Ameinua taa yake na anamtazama Sefu kama mtu aliyewahi kumwona mahali. Mnafanya nini?"

Mchezaji wa Sefu: "Namwendea nikitabasamu. Namwambia, 'Ndugu yangu, usiku wote huu wamekuacha peke yako?'"

Msimulizi: "Unataka afanye nini?"

Mchezaji wa Sefu: "Atupishe bila kuupekua mkoba."

Msimulizi: "Sawa. Ukifaulu, mnapita. Ukikosa, anautaka mkoba, na taa ya pili inawaka ng'ambo. Bado unajaribu?"

Anajaribu. Dadu mbili zinatoa 5 na 3, jumla 8: amefaulu, lakini kwa gharama.

Msimulizi: "Anasogea pembeni, anawapisha. Mnapompita anasema polepole, 'Koplo, nahodha atafurahi akisikia umerudi.' Mwanaidi, wewe hukujua kama Sefu alikuwa askari. Unafanya nini?"

Angalia msimulizi alivyofanya. Alimuuliza mchezaji lengo lake kabla ya dadu, maana mtu anaweza kumtabasamia mlinzi kwa sababu kumi tofauti. Alitaja hatari waziwazi, ili mchezaji aingie kwa macho makavu. Dadu zilipotoa matokeo ya katikati, alimpa alichotaka pamoja na gharama yake. Mwishoni akamgeukia mchezaji wa pili na kumpa jambo la kuamua. Haya yote yalichukua dakika moja na nusu.

Hesabu ya dadu mbili inasaidia kuelewa kwa nini matokeo ya katikati yana uzito. Zikirushwa, kuna michanganyiko 36. Katika michezo ya ukoo wa Apocalypse World, 10 na zaidi ni ushindi kamili, 7 hadi 9 ni ushindi wenye gharama, na 6 kushuka chini ni mambo kuharibika. Bila nyongeza, yaani namba ya uwezo wa mhusika inayojumlishwa kwenye dadu, michanganyiko 6 inaleta ushindi kamili, 15 ushindi wenye gharama, na 15 kuharibika. Mhusika akiwa na nyongeza ya 1 inakuwa 10, 16 na 10. Nyongeza ndogo hivyo inabadilisha maisha yake. Kwenye dadu ya pande 20 kila upande una nafasi 5 kati ya 100, kwa hiyo nyongeza ya 1 inasogeza mambo kidogo tu, na bahati ina sauti kubwa zaidi.

Rusheni dadu pale tu ambapo kufaulu na kukosa vyote viwili vinasogeza hadithi. Mlango uliofungwa kwenye nyumba isiyo na mtu, na fundi wa kufuli ana muda wa kutosha, ufunguke tu. Dadu ikikosa hapo, hakuna kinachotokea ila kurusha tena, na meza inapoa. Fundi huyohuyo akiwa anasikia nyayo zinapanda ngazi, hapo rusha.

Likizuka bishano la kanuni, msimulizi atoe uamuzi ndani ya dakika moja, mchezo uendelee, na kitabu kifunguliwe mwisho wa kikao.

Hatua ya 8: Linda zamu ya kila mtu

Kila meza ina mzungumzaji na mkimya. Mzungumzaji mara nyingi hana nia mbaya. Anajaza ukimya kwa sababu ukimya unamtisha. Usimkemee mbele za watu. Mwambie, "Shikilia hapo hapo, nitarudi kwako," kisha umwite mwingine kwa jina la mhusika wake. Na urudi kweli.

Mkimya usimuulize "Na wewe unafanya nini?" bila chochote cha kushika. Swali hilo ni pana mno kwa mtu mwenye haya. Mpe jambo mahususi: "Mtoto amekushika mkono na anataka umfuate, wenzako hawajamwona. Unamfuata?" Akijibu ndiyo au siyo tu, tayari ameisukuma hadithi, na safari ijayo atajibu kwa maneno mengi zaidi. Naipenda sana dakika hiyo mkimya anapoanza kujitanua. Ikitokea, mpishe.

Msimulizi aweke vijistari kwenye karatasi, kimoja kila anapomgeukia mchezaji. Katikati ya kikao atazame. Hesabu itamwonyesha nani amesahauliwa.

Kundi likigawanyika, nusu sokoni na nusu gerezani, hamia upande wa pili kila baada ya dakika tano au saba, na ukate pale ambapo jambo limefika ukingoni. Wanaosubiri watasubiri kwa hamu.

Mkicheza kwa simu au kompyuta

Kucheza kwa video kunawezekana, ila watu hawaoni nani anataka kusema. Punguzeni kundi hadi wachezaji watatu, fupisheni kikao kiwe saa mbili, na msimulizi aite majina mara nyingi kuliko angefanya ana kwa ana. Kadi ya X inakuwa herufi X iliyoandikwa kwenye ujumbe. Dadu kila mtu arushe za kwake na aaminiwe.

Hatua ya 9: Funga kikao kwa wakati

Dakika kumi na tano kabla ya muda kwisha, msimulizi aanze kutafuta mahali pa kukata. Aliyeahidiwa saa nne usiku atoke saa nne. Kabla ya kuinuka, zungukeni meza na kila mtu ataje tukio moja alilolipenda na jambo moja analotaka kuliona zaidi. Msimulizi aandike, kwa sababu hayo ndiyo maandalizi ya kikao kijacho yaliyojileta yenyewe. Mmoja wa wachezaji aandike muhtasari wa mistari mitano, nani walikutana naye, nani wamemkosea, nini hakijamalizika, na autume kwa kundi kesho yake. Kikao kijacho kianze kwa kuusoma kwa sauti.

Hadithi ya kwanza ikimalizika, pumzikeni wiki moja, kisha muulizane nani anataka kushika usimulizi safari hii. Aliyekuwa msimulizi apewe mhusika, na asiseme neno juu ya kanuni mpaka aulizwe.